Naomba Kuuliza Kuhusu Radi

Jumatatu, 5 Januari

Nimefungua kafe, nimekwangua matope mlangoni, nimevua mashine vitambaa vyake. Namba nne bado inajizima. Nimeipiga kofi, ikawaka. Mteja wa kwanza kataka kuchapa barua ya kuomba uhamisho. Wa pili kataka picha za wachezaji wa Ulaya. Umeme wetu, unaovutwa kutoka Zambia, ukakatika, nikavuta kamba ya jenereta mpaka bega linauma.

Katikati ya wateja naandika peji. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kweli, hii nyingine ya kula tu. Kaka Gasto, mwenye kafe, ana websaiti ya mji wetu. Ilikuwa na picha yake kaegemea dishi na maneno "Karibuni Sumbawanga". Hakuna aliyekaribia. Matangazo yanalipa watu wakija, na mtu aliyekuwa anakuja ni yeye mwenyewe. Mwezi uliopita kaniambia, "Skola, mdogo wangu, fanya unavyojua, ilimradi watu waje."

Ninavyojua ni hivi. Watu hawatafuti picha ya Gasto. Watu wana maswali. Mtu yuko Mpanda, au Mbeya, au Dar, anaandika swali kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Kama mimi nina peji yenye swali lilelile na jibu lake chini, kisanduku kitamleta kwangu. Kila peji swali moja, jibu moja. Basi.

Hakuna aliyenifundisha. Kidato cha nne kilinitema. Nimejifunza kwa kufungua matumbo ya websaiti za watu, naona zilivyoshonwa, nashona yangu. Naweza. Sana tu.

Ila hawaji. Peji kibao na watu hawaji. Kwa nini?

Alhamisi, 8 Januari

NIMEJUA.

Mzee mmoja kaja kutoka kijijini, koti la mvua mpaka miguuni, anataka kuuliza habari za panya ghalani. Nikamfungulia kisanduku, nikamuonyesha herufi. Kaandika kwa kidole kimoja, taratibu kama anapanda mbegu. Nikachungulia. Kaandika: shikamoo naomba kuuliza panya wanamaliza mahindi ghalani nifanyeje.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamuuliza, mzee, wewe na mvi zako unakiamkia kisanduku? Kanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Kinajua kila kitu. Kitakuwa kikubwa kuliko mimi."

Nikaacha kucheka.

Alipoondoka nikafungua kumbukumbu za websaiti, pale panapoonyesha maneno waliyoandika watu kabla ya kufika kwetu. Wachache waliofika. Samahani naomba kuuliza. Habari za kazi, naomba kujua. Shikamoo. Hata wa Dar! Huku kwetu humvamii mtu kwa swali. Unamsalimia kwanza, unajishusha, ndiyo unauliza. Watu wanaenda na adabu zao mpaka kwenye kompyuta.

Na mimi peji zangu zinaitwa "Udhibiti wa Panya". Nani anaongea hivyo? Bwana shamba peke yake, na yeye akiwa ofisini.

Jumatatu, 12 Januari

Nimebadilisha vichwa vyote. "Shikamoo, naomba kuuliza, panya wanamaliza mahindi ghalani, nifanyeje?" Na jibu linaanza, "Marahaba." Halafu dawa.

Kaka Gasto kaona, kashika kichwa. Ana makaratasi ya Kizungu kayachapa mahali, yanasema kichwa cha peji kiwe kifupi, maneno makavu, hakuna takataka. Kaniita mshamba mbele ya wateja. Nikamwambia hayo makaratasi kaandika mtu asiyejua shikamoo ni nini. Kasema nitaitia websaiti aibu. Nikasema aibu ipi, wakati hakuna anayeiona?

Kaniachia wiki mbili. Poa. Hazitaisha.

Jumamosi, 17 Januari

Panya tayari. Ukiandika swali la panya kwa Kiswahili, sisi ni wa kwanza. Wa kwanza! Nimeruka mpaka kiti kikaanguka.

Leo nimewahi nyumbani, mtaa wa Izia. Naishi na bibi, mama wa mama. Najazia peji kutoka kwake. Nimemuuliza ntumba, yale matuta ya duara ya kuzika majani, yanalimwaje. Kanieleza akiwa anapepeta, kila sentensi inaishia na "umeelewa, mke mwenzangu?" Nimeelewa, mke mwenzangu. Kesho naandika.

Tukiwa hapo ng'ombe wa Mzee Luhende wakaingia kwenye ulezi wetu. Luhende ni jirani, Msukuma, walihamia na mifugo nikiwa mdogo. Bibi kanyanyuka na ungo mkononi, kawafukuza, halafu kasimama katikati ya shamba kapiga kelele mtaa mzima usikie. "Mtaona! Nyie na ng'ombe wenu, mtaona!" Hivyo ndivyo anavyogomba. Juzi kaniambia mimi mtaona, na nilikuwa peke yangu.

Shija, mtoto wa Luhende, ndiye alikuja kuwatoa. Tuko rika moja. Nikamwambia, we Msukuma, ng'ombe wenu hawaoni hili ni shamba? Kasema, "Wangejua kusoma si wangeshinda kafe kwako?" Fala. Kanichekesha lakini.

Jumatano, 21 Januari

Nina hasira mbaya.

Nimepitia tena maneno ya watu. Wameongezeka, hilo safi. Lakini wanaotafuta jina la mji wetu, nusu hawaulizi mahindi. Wanauliza mganga. Wanauliza samahani naomba kuuliza ni kweli huko wanatuma radi. Shikamoo naomba namba ya mtu wa radi. Yaani adabu zote, halafu anataka kuua mtu.

Nchi nzima inatujua kwa hilo tu. Ukisema kwenu Sumbawanga, mtu anarudisha mkono nyuma. Binamu yangu kakosa chumba cha kupanga Mbeya kwa sababu hiyo. Sisi tunalima ulezi na maharage, tunaenda misa, tunagombana na ng'ombe wa majirani. Hatuna cha ziada.

Kumbe wanauliza? Basi watajibiwa. Nimeandika peji palepale, sijala.

Swali: Shikamoo, naomba kuuliza, ni kweli Sumbawanga mtu anaweza kukutumia radi?

Jibu: Marahaba. Hapana. Radi haina anwani, haipokei nauli, haitumwi na mtu. Huku kwetu nchi imeinuka na mvua ni nyingi, ndiyo maana inapiga sana. Radi inapenda kitu kirefu na inapenda chuma. Usijikinge chini ya mti. Usipigilie seng'enge ya zizi kwenye mti. Usishike jembe mahali pa wazi mawingu yakishaungana. Hayo ndiyo ya kuogopa. Jirani yako usimuogope.

Mambo ya chuma na mti nimesoma huko huko mtandaoni na nikamuuliza mwalimu wa fizikia anayekuja kuchapa mitihani. Kasema sawa. Sikuandika zaidi. Hapana ikiwa ndefu inaanza kufanana na labda.

Ijumaa, 30 Januari

Wa kwanza. Ukiandika radi na Sumbawanga, wa kwanza kabisa ni sisi. Ukiandika radi peke yake, bado tupo juu. Wanamiminika. Wanakuja kutafuta ndiyo, wanakutana na hapana yangu. Wengine wananiandikia matusi. Mmoja kasema mimi nimetumwa na wachawi nifiche. Mwingine, mama wa Iringa, kaandika asante mwanangu, nitawasomea wenzangu.

Nimeisoma hiyo mara nyingi. Wenzake!

Kaka Gasto kaninunulia soda na chipsi. Matangazo yameanza kulipa. Anatembea mjini kifua mbele, anasema "wataalamu wangu". Wataalamu ni mimi.

Jumanne, 3 Februari

Kaja mtu. Suti ya kijivu, simu mbili, viatu havina tope hata tone, sijui kapita wapi. Anajiita Profesa Kimbunga. Katokea upande wa Tunduma. Mvuto wa mapenzi, kesi, mali iliyopotea, na kutambua aliyekutumia radi. Hayo yote yapo kwenye kadi yake.

Kaiona peji. Anaitaka. Si peji nzima, anataka mahali chini ya jibu paandikwe namba yake ya simu. Na jibu lenyewe lirekebishwe "kidogo". Kidogo maana yake hapana iwe ndiyo.

Gasto anachekacheka tu, anasugua viganja. Mimi nimesema sibadilishi. Profesa kanigeukia, sauti laini kama mafuta.

"Binti, kwenu wapi?"

"Izia."

"Aah. Izia kuna wazee wakali."

Nikamwambia wakali ndiyo, karibu uje ugombezwe.

Alipotoka tukagombana na Gasto vibaya. Anasema hili ni soko huria, kila mtu na biashara yake, sisi tunauza kile watu wanachouliza. Nikamwambia mtu akikuuliza njia, utamuuzia shimo? Kasema mimi mtoto. Nikasema sawa, mtoto aliyekuletea watu.

Alhamisi, 5 Februari

Mvua ya mchana. Kubwa. Kafe ilitikisika, nikachomoa mashine zote. Radi moja ilipiga upande wa kwetu, mwanga na mlio pamoja.

Nimefika Izia nimekuta watu kwenye zizi la Luhende. Ng'ombe wamelala. Wengi. Midomo wazi, majani bado mdomoni. Mama Shija kakaa kwenye matope, hajajifunika, mvua inamnyeshea, hasemi. Ng'ombe ndiyo shule ya watoto wake, ndiyo mahari ya Shija, ndiyo kila kitu. Nilitaka kumshika mkono. Sikuthubutu.

Bibi alitaka kwenda kutoa pole. Akajifunga kanga akatoka. Alipokaribia watu wakasogea wakampa nafasi. Nilidhani ni heshima.

Si heshima.

Ijumaa, 6 Februari

Wanasema "mtaona". Mtaa mzima unakumbuka. Bibi alisimama na ungo akasema mtaona, na sasa wameona. Muuza genge hakumpa bibi chenji mkononi, kaiweka juu ya meza. Mwanamke mmoja kahamisha mtoto upande wa pili wa barabara. Bibi anajua. Anapepeta ungo ambao hauna kitu.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Kuna bibi kule kijijini kwa kina mama, alichomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko haya. Akatoka usiku na nguo aliyovaa. Alikufa kwa watu.

Kafe: Gasto kasema mpaka kesho jioni jibu liwe limebadilishwa, la sivyo nitafute kazi. Nikamwambia ng'ombe wa jirani yangu wamepigwa radi jana na wanamtazama bibi yangu. Unataka nchi nzima isome ndiyo? Nikaona ameguswa. Halafu kasema Profesa kishalipa.

Sibadilishi. Anifukuze.

Jumamosi, 7 Februari

Kanifukuza. Ila ngoja niandike kwa mpangilio.

Mchana nilitoka kwenda kula. Kurudi, namkuta Shija kakaa mashine namba mbili. Macho mekundu, hajalala. Sikumsogelea, nikamsalimia kwa mbali. Akaanza kuandika. Nikasimama nyuma yake, siwezi kujizuia mimi. Kaandika: samahani naomba kuuliza radi imeua ng'ombe wetu nani kaituma.

Ikaja peji yangu. Ya kwanza. Nikashusha pumzi, nikasema moyoni asante Mungu, soma Shija, soma. Akabonyeza.

Marahaba. Ndiyo, inawezekana, na anayekutumia mara nyingi ni mtu wa karibu. Ili umtambue, piga namba hii.

Gasto. Kaingia nilipokuwa nakula. Mimi ndiye niliyemfundisha jinsi ya kuingia.

Shija anaandika namba kwenye kiganja. Nikamnyang'anya kipanya. Kaniambia niache. Nikasema dakika moja tu, Shija, moja. Nikarudi nyuma kwenye kisanduku. Chini ya kila jibu kuna kineno kidogo watu hawakioni. Ukikibonyeza, kisanduku kinakuonyesha peji ilivyokuwa siku kilipoitembelea mara ya mwisho. Nikabonyeza. Ikatoka ya zamani. Marahaba. Hapana. Radi haina anwani.

Akasoma. Akasoma tena.

"Ndiyo hiyohiyo?"

"Hiyohiyo. Ya juzi niliandika mimi. Ya leo kaandika Gasto, na namba ni ya mtu aliyemlipa."

"Sasa lipi la kweli?"

Nilitaka kusema langu. Lakini mimi ni mjukuu wa bibi, neno langu kwa Shija lina uzito gani? Nikamwambia usiniamini mimi, usimwamini Gasto. Hapo pameandikwa seng'enge na mti. Zizi ni lenu. Nenda kaangalie.

Akafuta kiganja kwenye suruali, akatoka bila kuaga.

Gasto alikuwa mlangoni amesikia yote. Kelele alizopiga! Nikakimbilia mashine niirudishe peji yangu. Pasiwedi kabadilisha. Nikachukua sweta langu. Nikamwambia hiyo namba nne utaipiga kofi mwenyewe.

Jumapili, 8 Februari

Bibi kaenda misa ya kwanza. Benchi lote kaachiwa. Mimi nilikaa naye. Nilimtazama kila aliyegeuka mpaka akageuka mbele.

Mchana Shija kaja, kasimama nje ya ua, hakuingia. Kasema kaangalia. Mkaratusi wa pembeni ya zizi umepasuka gome kutoka juu mpaka pale kwenye msumari wa seng'enge. Seng'enge imekuwa nyeusi. Ng'ombe wote waliokufa walikuwa wameegemea ule upande. Waliokuwa kati wamepona. Ule msumari kaupigilia yeye mwenyewe, mwaka jana, ili kuokoa nguzo.

Ila amechelewa. Baba yake mdogo kishapata ile namba, kaonyeshwa na mtu mwingine kwenye peji ileile. Kapiga. Profesa kasema: mwanamke, mzee, jirani, mlango wa nyumba yake unatazama macheo.

Mlango wetu unatazama macheo.

Kesho kuna kikao kwa mwenyekiti wa mtaa. Baba mdogo anataka bibi ahame.

Bibi kasema hahami. Kasema kazaa hapa na mume wake kazikwa hapa. Nikasema na mimi sihami. Tumekula ugali wa ulezi.

Jumatatu, 9 Februari

Nimetoka kwenye kikao sasa hivi. Naandika vibaya.

Watu walijaa uani kwa mwenyekiti, wengine wamekaa juu ya matofali. Luhende kaegemea fimbo, mzee wa watu, kakonda kwa siku nne. Bibi kapewa kigoda peke yake, mbali. Nikakaa chini, mgongo wangu kwenye magoti yake.

Shija kaongea kwanza. Kaeleza mti, gome, seng'enge, msumari. Kaongea vizuri kuliko nilivyotegemea. Baba yake mdogo akamkata. "Mti hatubishi, mti umepigwa. Tunauliza radi nani kaituma." Watu wakaguna ndiyo, ndiyo. Na ilikuwa pointi. Nilihisi tumekwisha.

Halafu nikapata wazo. Mimi natengeneza peji za majibu. Peji haijui nani anauliza. Mtu wa Iringa, mtu wa Mpanda, inamjibu kilekile. Nikasimama. Sikuomba ruhusa. Nikasema huyu Profesa hajui Izia ni nini, ana jibu moja tu kalikariri, analitoa kwa kila anayepiga. Nipeni simu hapa, mbele ya wote, mtu ampigie aseme yuko kwingine kabisa. Tusikie.

Baba mdogo kasema huyu mtoto anatafuta kumuokoa bibi yake. Nikasema ndiyo! Ndiyo namuokoa! Wewe ungekaa?

Mwenyekiti anakuna kichwa. Watu wanaogopa, kumjaribu mganga si mchezo. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mama Shija kanyanyuka. Siku zote hizo hakuwa amesema neno. "Lete simu."

Simu ya baba mdogo ni ile ya Kichina, spika yake inasikika mpaka barabarani. Mama Shija kapiga. Kajishusha kabisa. Shikamoo baba, naomba kuuliza, mimi niko Kaoze huku bondeni, radi imeniulia mbuzi, nisaidie nimjue aliyeituma. Na Profesa akamsikiliza, akasema pole mama, subiri nitazame. Tukasubiri.

"Mama, naona mwanamke. Ni mzee. Ni jirani. Mlango wa nyumba yake unatazama macheo."

Mama Shija akakata. Akaiangalia ile simu kama panya aliyekufa.

"Kaoze mimi sijawahi kufika. Na mbuzi sina."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wengine. Mzee wa pembeni akasema kwa sauti, basi na mimi nihame, mlango wangu unatazama macheo. Na mimi, akasema mwingine. Nusu ya Izia ingehama leo. Baba mdogo kachukua simu yake, katoka.

Luhende hakucheka. Kasema polepole, "Ng'ombe wangu wamekufa kweli." Nikaona aibu kwa furaha yangu. Bibi kanisukuma pembeni, kanyanyuka kwenye kigoda, kamwendea. Kampa pole ya wafiwa, ile aliyokwenda kuitoa Alhamisi ikashindikana. Luhende kaipokea. Kwa mikono miwili.

Jumatano, 11 Februari

Sina kazi. Nimekaa kafe ya stendi, nalipia kama mteja. Ni ndogo na inanuka mafuta ya taa. Mwenye nayo, Mama Anitha, kaniuliza kama ni mimi yule aliyemuumbua mganga wa simu. Nikasema ndiyo. Kanisogezea kiti kizima.

Peji ya Gasto bado ipo. Ya kwanza. Ndiyo, inawezekana, piga namba hii. Nimeipa nguvu mimi, kwa shikamoo zangu, na sasa inatembea nchi nzima na uongo. Hiyo inaniuma kuliko kazi. Nikifikiria mama wa Iringa kairudia kuwasomea wenzake, nataka kupasua kioo.

Ila kama nilipanda mara moja napanda tena. Nimefungua websaiti yangu, ya bure, mbaya kwa sura. Jina langu lipo chini. Swali ni lilelile. Jibu ni lilelile, na nimeongeza moja: ukitaka kumjua mganga, mpigie mara mbili, kwa majina mawili, kutoka vijiji viwili. Kisha nikamwandikia mama wa Iringa, nikamweleza kila kitu.

Tutaona nani anaishia wapi.

Ijumaa, 13 Februari

Nimepita mbele ya kafe ya Gasto makusudi, katikati ya barabara, polepole. Kaniona. Kaita, "Skola, mdogo wangu, rudi tuongee." Nikamuuliza hapana imerudi? Kasema biashara haiendi hivyo. Nikaendelea kutembea.

Alhamisi, 19 Februari

Yangu imeonekana. Chini kabisa, peji ya pili, lakini ipo. Mtu mmoja kafika kupitia hiyo. Kaandika swali lake, kasoma, kaondoka. Sijui ni nani wala yuko wapi. Sijui kaamini.

Mama Anitha kaniuliza kama naweza kukaa kafeni kwake asubuhi. Naweza.

Jumapili, 22 Februari

Hakuna mvua. Tumetoka misa. Shija na baba yake wanahamisha zizi, wanachimbia nguzo mpya uwanjani, mbali na miti. Nimewasikia wakipiga nyundo tangu asubuhi. Mama Shija kapita, kamuamkia bibi, kaendelea na safari yake. Hakukaa. Hakuleta kitu.

Si wote. Muuza genge bado anaweka chenji mezani.

Nimechambua maharage. Nimefua sweta. Bibi katandika mkeka nje ya ua, pembeni ya njia, kalala juani, miguu wazi, kanga usoni. Kila anayepita anamuona. Anakoroma.